Kijana Aliyebeba Kosa la Mwenzake

Tulipotumwa Masoko kwa kazi za kichungaji wakati wa likizo, tulibeba vitabu vya nyimbo, mpira mmoja wa miguu na projekta ya kuazima. Tulikuwa mafrateri watano, wote wa falsafa, na wote tulisoma seminari ndogo moja. Tunalitaja hilo mapema kwa sababu bila hilo habari hii haisimami.

Masoko iko chini ya Tukuyu. Unateremka katikati ya migomba hadi kwenye ziwa dogo la mviringo, lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Karibu na ziwa lipo boma la mawe walilolijenga Wajerumani kwa ajili ya askari wao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye likatumiwa na askari wa KAR, na siku hizi ni mahakama ya mwanzo. Wenyeji watakusimulia juu ya fedha na silaha zinazosemwa zilitupwa ziwani Wajerumani walipoondoka. Sisi tulikwenda kufundisha nyimbo, kutembelea wagonjwa na kucheza mpira na vijana. Mpira tulifungwa.

Jumamosi ya pili vijana wa VIWAWA walituomba tuwaonyeshe filamu. Tulikuwa nazo nne za maisha ya watakatifu, na zote walikwisha kuziona. Katika flashi ya padre mmoja mpenda filamu za kale tulikuta nyingine ya mwaka 1927, ya rangi nyeusi na nyeupe, isiyo na sauti ya mtu hata mmoja. Wawili wetu walikataa katakata. Nani atakaa zaidi ya saa moja na nusu kutazama Waingereza wakifungua midomo bila kusikika? Lakini katekista alikwisha kutangaza, na ukumbi ulikuwa umejaa kabla jua halijazama: vijana, akina mama wa WAWATA na khanga mabegani, wazee mbele kwenye mabenchi, na watoto chini miguuni pa shuka jeupe tulilolitundika ukutani.

Filamu inaitwa Downhill, yaani mteremko. Aliyeiongoza ni Alfred Hitchcock, Mkatoliki aliyesoma kwa Wajesuiti London, na wakati huo hajatimiza miaka 30. Kabla ya kuwa filamu ulikuwa mchezo wa jukwaani, wa aina ile inayoitwa melodrama: mwema anaonewa, mwovu anashinda kwa muda, na watazamaji wanatoka na leso zimelowa. Waliouandika ni Ivor Novello na Constance Collier, wakajificha nyuma ya jina moja la mwanamume, David L'Estrange. Novello mwenyewe ndiye mwigizaji mkuu. Alikuwa amepita miaka 30 naye anaigiza mwanafunzi. Vijana wa Masoko waligundua mara moja, na kuna aliyepiga kelele kutoka nyuma, "Huyo amerudia darasa mara ngapi?"

Kwa kuwa hakuna sauti, ilibidi mtu asimame pembeni aeleze. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa filamu uliokaa Vugiri, milima ya Usambara, ulioanzishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni pamoja na Waingereza. Walitengeneza filamu kiasi cha 35, picha bila sauti, wakawaweka Waafrika waigize visa vya kuweka akiba na kujikinga na magonjwa, kisha wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na kati, maneno yakisikika kutoka kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Ninyi mliokua kwenye mabanda ya video mnawajua warithi wao, akina Lufufu, waliosimulia filamu za Wahindi na Wachina kwa Kiswahili na kuzitia chumvi hadi zikawa tamu kuliko zenyewe. Mmoja wetu ana kipaji hicho. Tukampa kipaza sauti.

Basi akasimulia. Roddy Berwick ni mtoto wa tajiri, nyota wa raga shuleni. Rafiki yake wa chumbani ni Tim, mtoto wa mchungaji, asiye na fedha, anayetegemea ufadhili ili aingie chuo kikuu cha Oxford. Wote wawili wamezoeana na binti mhudumu wa duka la mikate, Mabel. Siku moja wanaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na Mabel amesimama pale. Ana mimba. Anawatazama wavulana wale, huyu, kisha yule. Mwenye kosa ni Tim. Lakini Mabel anajua baba wa nani ana fedha, naye anamnyooshea kidole Roddy.

Roddy anamtazama Tim. Anaelewa kwamba akisema kweli, ufadhili wa Tim umekwisha na mchungaji mzee ataaibika. Ananyamaza. Anamwahidi Tim kwamba hatasema kamwe, na anafukuzwa shule.

Hapo msimuliaji wetu naye akanyamaza.

Watu walidhani kipaza sauti kimekufa. Fundi mitambo wa kwaya akaenda kutikisa waya. Picha ziliendelea shukani, Roddy anafunga sanduku lake, na ukumbi mzima kimya, unasikia mashine tu ikivuma. Sisi wanne wengine tuliokaa nyuma tulijua kilichomkaba. Hatukutazamana. Baada ya kama dakika mbili alikohoa, akaendelea, lakini chumvi ilikuwa imekwisha.

Filamu inaendelea kama jina lake. Baba yake Roddy, Sir Thomas, haamini neno la mwanawe, na Roddy anaondoka nyumbani. Tunamwona amesimama juu ya ngazi za umeme za treni ya chini ya ardhi, zile zinazotembea zenyewe, zikimteremsha polepole hadi anakuwa mdogo kama siafu. Hitchcock haongezi maneno. Kuna mahali pengine alipotuchezea sana: tunamwona Roddy katika suti safi, tunafikiri ametajirika; kamera inarudi nyuma, kumbe ni mhudumu wa mgahawa; inarudi tena, kumbe yuko jukwaani anaigiza. Vijana walilipuka kwa vicheko. Anarithi pauni 30,000, anamwoa mwigizaji anayezila zote akiwa na bwana mwingine. Anaishia Paris akilipwa kucheza dansi na wanawake waliomzidi umri, na kuna alfajiri pale madirisha yanapofunguliwa na mwanga wa jua kuonyesha nyuso zilivyo. Kisha Marseille, mgonjwa, anaweweseka, hadi mabaharia wanamrudisha kwao. Nyumbani anakuta baba amekwisha kuujua ukweli. Anapokelewa.

Katekista alisimama akaanza kuunganisha na Luka 15, na kweli unaweza kuunganisha, ingawa hapa aliyekosea ni baba na mwana ndiye mwadilifu. Lakini mama mmoja wa WAWATA, aliyekuwa amekaa na mjukuu mgongoni, alimkatiza kwa heshima.

"Samahani, katekista. Mafrateri, mimi nauliza. Yule binti alijifungua wapi?"

Hatukuwa na jibu. Filamu haisemi. Tangu anapotoka ofisini kwa mwalimu mkuu Mabel hana kazi tena katika hadithi; mimba yake ilikuwa ya kumfukuzisha Roddy tu. Mama akatikisa kichwa. "Wanaume wawili wameoneana huruma, mtoto hana baba. Ndaga fijo kwa picha." Akainuka na mjukuu wake. Tumesoma uchambuzi wa mambo kadhaa darasani mwaka huu, lakini maneno yale yalipita yote kwa uzito.

Usiku huo hatukulala mapema. Sasa tueleze.

Tulipokuwa kidato cha tatu tulikuwa sita. Simu zilikatazwa, na adhabu ya kukutwa nayo ilikuwa kurudishwa nyumbani. Sisi tulikuwa nayo moja, ndogo, ya vitufe, tukiitumia kwa zamu usiku kusikiliza matokeo ya mpira na, mara nyingine, kuzungumza na nyumbani. Ilikuwa mali ya mmoja wetu; hatutasema yupi, kwa kuwa tumekubaliana kwamba wote watano tulikuwa yeye. Usiku wa zamu ya yule wa sita, mlezi wa bweni aliikuta chini ya godoro lake. Akaulizwa ni ya nani. Mwenye simu alikuwa akilipiwa ada na mfadhili, na wote tulijua kwamba barua moja ingetosha kuukata ufadhili ule. Yule wa sita akasema, "Ni yangu."

Tuliitwa mmoja mmoja. Tulisema hatujui lolote. Siku iliyofuata alifungasha, tukambebea sanduku hadi getini, tukalia, tukamwita shujaa. Mwenye simu alimwambia hatamsahau katika sala zake. Ilikuwa miaka minane iliyopita.

Kwa hiyo usiku ule Masoko tulianza kubishana, na kwa kuwa sisi ni wanafalsafa tulibishana kwa vitabu. Mmoja alisema Roddy alifungwa na ahadi, na ahadi ni ahadi. Mwingine akamleta Mtakatifu Gerardo Majella. Mwaka 1754 mwanamke alimsingizia uchafu, Mtakatifu Alfonso akamnyima Komunyo, naye hakujitetea hata kwa neno moja hadi mwanamke yule alipokiri uongo wake. Si huo utakatifu? Tukajibizana kwamba Gerardo aliuficha utetezi wake mwenyewe. Hakuwa akimficha mkosaji aliyekuwa akiketi naye mezani.

Wa tatu akaikumbuka filamu nyingine ya Hitchcock huyo huyo, I Confess, ya mwaka 1953, nayo ilitokana na mchezo wa jukwaani, wa Kifaransa. Mtumishi wa kanisa mjini Quebec anaungama kwa Padre Logan kwamba ameua, kisha polisi wanamshuku padre, naye hawezi kufungua mdomo hata akikaribia kunyongwa. Huyo amefungwa na siri ya kitubio. Kanuni ya 983 haimwachii mlango wowote. Lakini ahadi ya chumbani kati ya wavulana wawili si sakramenti. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoeleza juu ya ushahidi, anatenganisha mambo haya waziwazi: lililosikika katika kitubio halitolewi kamwe, ila siri nyingine, ikiwa kuificha kunamletea mtu madhara makubwa, haiwezi kukufunga, kwa sababu huwezi kuahidi kuvunja uaminifu unaomdai mwingine.

Ilikuwa inakaribia saa nane usiku tulipogundua tunachokifanya. Tulikuwa tunamchambua Roddy usiku mzima ili tusimfikie Tim.

Tim ndiye filamu inayemwonyesha kidogo na ndiye tunayemfahamu zaidi. Hakudanganya kwa kinywa. Alisimama tu pale ofisini, akamwacha mwenzake atangulie kwa huruma, kisha akaendelea na masomo. Hakuna picha inayotuonyesha jinsi alivyoishi miaka ile. Sisi tunaweza kusimulia. Mtu anasoma, anafaulu, anavaa kanzu nyeupe kwa mara ya kwanza, watu wa jumuiya wanamwita frateri na kumpa kiti cha mbele. Anamkumbuka mwenzake kwenye sala za usiku, na sala yenyewe inakuwa mahali pa kulilaza jambo lisiamke. Hata ule ushujaa tuliompa getini ulikuwa namna ya kumlipa kwa bei rahisi.

Mwenzetu anaishi Tukuyu. Tulijua siku zote. Tulikwisha kupita pale kwa basi mara nyingi.

Jumatatu tulipanda. Anafanya biashara ya ndizi, ananunua vijijini na kupakia kwenye Fuso za kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Tulimkuta akihesabu mikungu, kalamu sikioni. Tulikuwa tumejitayarisha kumkuta mtu aliyeshuka ngazi za umeme, kwa maana hiyo ndiyo melodrama inavyokufundisha kutarajia. Ana mke, watoto wawili, nyumba ya bati aliyoijenga mwenyewe, na deni la benki ambalo analilalamikia kama kila mfanyabiashara. Alimalizia kidato cha nne shule ya kata. Alicheka kutuona, akatununulia chai na maandazi.

Tulipoanza kuomba msamaha alitusikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai.

"Mimi sina kesi na ninyi," alisema. "Simu ilikuwa kwangu, zamu ilikuwa yangu. Labda hata upadre haukuwa wangu, Mungu anajua. Msije mkanifanya mahubiri." Kisha akaiweka chini bilauri. "Ila mzee anaamini niliiba. Alisema, 'Wewe fedha ya simu uliitoa wapi?' Sikuweza kumwambia si yangu. Nilikuwa nimekwisha kusema ni yangu."

Tukamwuliza kama anataka twende. Akasema yeye hawezi kututuma. Kama tunakwenda, twende kwa miguu yetu. Na kwamba mzee hukaa nyumbani asubuhi.

Nyumba ya baba yake iko upande wa pili wa Masoko, mwendo wa saa moja kutoka kigangoni. Tulipita chini ya lile boma la mawe. Siku hiyo palikuwa na kesi, watu wamekaa kwenye majani wakisubiri kuitwa. Hatukuzungumza njiani. Tulikuwa tumekubaliana nani aseme, na mwenye simu ndiye aliyechaguliwa, lakini tulipofika uani alishindwa, na tukajikuta tunasema sote, kila mtu kipande.

Kwanza salamu. "Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina. Karibuni, mafrateri." Alikuwa akifunga mikungu ya ndizi kwa kamba. "Mbona wengi hivi? Kuna msiba?"

Tulimwambia hapana, tukamwambia tulilolijia. Simu ilikuwa yetu. Mwanawe hakuiba, hakuinunua, alisema ni yake ili mwenzake asikatiwe ada, nasi tulihojiwa tukakana. Hatukuongeza Thoma wala Gerardo. Ilichukua muda mfupi sana. Tulishangaa ulivyokuwa ufupi wake baada ya miaka minane.

Mzee hakusimamisha kazi. Alifunga fundo, akalikaza kwa mguu.

"Mlikuwa wangapi?"

"Sita, Baba. Pamoja naye."

"Na aliyerudi nyumbani mmoja."

"Ndiyo, Baba."

Akafunga mkungu mwingine. Kisha akasema, bila kututazama, kwamba marehemu mke wake alikuwa akimwambia kila mara simu ile si ya mtoto. Alikuwa akisema, mwanangu nimemzaa mimi, namjua. "Mimi nikamkatalia. Nikamwambia wewe ni mama, mama husema hivyo. Amekufa mwaka juzi, bado tunabishana."

Hatukuwa na la kusema, na safari hii tulinyamaza kwa sababu hakukuwa na neno lililotupasa kulisema. Mwenye simu alipiga magoti kwenye udongo. Mzee alimwambia ainuke, atachafua suruali, wanapoza sabuni bure.

Alituuliza kama tuna namba ya mwanawe. Alikuwa nayo zamani, akabadilisha simu, hakuiomba tena. Tulianza kumtajia, akasema macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, tumwandikie kwa tarakimu kubwa. Tukachana ukurasa wa nyuma wa daftari la kwaya, tukaandika. Akaukunja, akautia mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo.

"Sipigi mbele ya watu," alisema.

Kisha akatuambia, maadamu tuko watano na tuna nguvu, tumsaidie kuibeba ile mikungu hadi barabarani, gari lingepita saa tano. Ilikuwa kumi. Tulibeba miwili kila mmoja. Yeye alitangulia na fimbo, akituonyesha mahali penye utelezi.